Mgono Unaotazama Mlimani

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, samaki walilala juu ya nyasi mchana kweupe, nasi tukaimba.

Umekuja kuniaga, umepata kazi kwenye mtambo wa umeme. Nimefurahi, maana Mungu anajua ulivyosota. Lakini kaa kwanza, chai ipo. Kuna jambo sitaki uende bila kulisikia, na halifurahishi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, nami bi harusi mpya hapa kijijini Mbingu, nimeletwa kutoka Mahenge kuolewa na babu yako Tadei. Kijito hiki mnachokivuka siku hizi bila kuvua viatu kilikuwa mto hasa. Baba mkwe wangu, Mzee Kasiani, alikuwa mvuvi na fundi wa kusuka migono, ile mitego mirefu ya fito. Kila mgono wake aliutega mdomo ukitazama mlimani. Wageni walimcheka. Samaki wa mvua za kwanza hupanda kutoka mto Kilombero, walisema, na wewe unawapa mgongo! Yeye aliwajibu, "Huyo anayepanda anakwenda kujifungua. Nitamkuta akirudi."

Basi akaja Mzungu mmoja akafungua kiwanda cha mbao huko juu. Akajenga ukuta kukatiza mto, akaweka lango la chuma, na chini yake mtambo wa umeme wa kuendesha misumeno. Tadei akapewa kazi ya kuzungusha gurudumu la lango. Akilifunga, maji yanajaa bwawani. Akilifungua, mtambo unazunguka. Hee, tulivyoringa! Nilikuwa mke wa mtu wa umeme, ingawa nyumbani kwangu niliwasha kibatari.

Wakati wa Majilio, zile wiki za kuingoja Noeli, mvua ya kwanza ikapiga alasiri moja. Mto ukamwagika mbugani, na kambale wakapanda mpaka kwenye nyasi kutaga, kama walivyofanya tangu enzi na enzi. Asubuhi msimamizi akamwamuru Tadei afunge lango, kwa sababu bwawa lilikuwa limekauka kiangazi kizima. Jua lilipopanda, maji ya huku chini yalikuwa yameshaondoka, na kambale wamebaki wakigaagaa matopeni. Kijiji kizima kikatoka na matenga, tukaokota huku tukiimba. Wanawake walinishika mikono, wakaniambia mume wangu ni baraka.

Mzee Kasiani alikuja mikono mitupu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akachuchumaa, akang'oa unyasi mmoja, akaniwekea kiganjani. Ulikuwa umegandwa na mayai madogo kama punje za ulezi, mengine yameanza kuwa meupe kwa jua.

"Mkwe wangu," alisema, "hao waliomo kwenye tenga lako ni chakula cha leo. Hawa walio kiganjani mwako ni chakula cha watoto utakaowazaa. Haya, imba."

Sikuimba tena. Lakini samaki niliwapika, na tuliwala. Yeye alikula ugali kwa chumvi.

Jioni akamwita mwanawe. "Tadei, kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mvua ya kwanza ikija tena, liache lango wazi siku chache tu, mpaka mayai yaanguliwe na vifaranga wajue kuogelea. Baada ya hapo funga upendavyo."

"Baba, maji yale si yangu. Mimi nazungusha tu."

"Na anayezungusha ni nani?"

Nisimdhulumu, kesho yake Tadei alikwenda kumwomba msimamizi. Yule bwana akacheka, akamwambia samaki wana Kilombero nzima, wakatage huko. Babu yako akarudi akasema, "Wamekataa," akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Hapo ndipo alipopotea, mwanangu, na mimi pamoja naye. Mtu akishasema "wamekataa" hulala usingizi mzuri.

Mwaka uliofuata lango likafungwa vilevile, na waliopanda wakawa wachache. Mwaka wa baada ya huo wakapungua zaidi. Mchuma janga hula na wa kwao: migono ya Mzee Kasiani ikawa inatoka na majani matupu, na majirani zetu wavuvi wakahama na watoto wao. Mzee aliendelea kusuka. Hilo liliniuma kuliko njaa yenyewe.

Kisha ikaja mvua ya kwanza ambapo alipanda kambale mmoja tu. Jike, tumbo limejaa. Asubuhi lango likafungwa, tukamkuta matopeni akitweta. Mzee akamtia katika chungu cha maji, akakikumbatia kifuani, akaanza kupanda mlima huku mvua inamnyeshea. Nilimfuata nikimsihi.

"Baba, mmoja hazai peke yake."

"Najua."

"Sasa tunakwenda wapi?"

"Asifie mbele ya mitego yangu."

Tadei alikuwa amesimama kwenye gurudumu lake. Mzee hakumwambia neno. Akammimina samaki upande wa juu wa ukuta, akamwangalia akizama, akageuka. Homa aliyoipata siku ile haikumwachia. Tulimzika kabla ya Noeli.

Mvua ya kwanza iliyofuata, Tadei aliliacha lango wazi bila kumwomba mtu. Akafukuzwa kazi papo hapo. Akashuka mbio mpaka mbugani, na maji yalikuwa yametanda juu ya nyasi vizuri kabisa, kama zamani. Tukasimama pale tukingoja. Hakupanda hata mmoja. Hakuwako tena wa kupanda. Babu yako alikaa kitako katika maji yale, akalia, nami nikalia, na huo mto hadi leo haujawapata wenyewe.

Sikukatazi kazi, mwanangu. Umeme tunautaka, hata macho yangu yamechoka na kibatari. Lakini siku watakayokukabidhi maji, kabla hujayafunga, shuka kwa miguu yako ukaone nani anayasubiri huku chini. Waulize wenye migono na wanawake wenye matenga, wao wanajua samaki ana mimba lini. Sema unachokiona. Wakikataa, sema tena, usitue mzigo kwa neno "wamekataa". Na kama ni kulifungua lango, lifungue wakati bado wapo wa kupita. Huruma ya babu yako ilikuwa ya kweli, ila ilichelewa, na maji yakimwagika hayazoleki.

Ule mgono pale darini ni wa mwisho aliousuka mzee. Haujashika samaki hata siku moja. Uchukue, utundike mahali utakapouona kila unapotoka kwenda kazini, mdomo ukitazama mlimani. Nenda salama. Mungu aiongoze mikono yako, na maji yote yatakayopita chini yake yafike kwa wenyewe.