Fundi Pima-Tena na Zabuni ya Ghorofa Tano

Mtaa mzima ulimwita Pima-Tena, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Akitaka kujua kama waya una umeme, aliijaribu kwanza testa yake kwenye soketi anayojua ni nzima, ndipo akaupima waya, kisha akarudi kuijaribu testa tena, isije ikawa imemfia njiani. Hata baada ya hapo aliugusa waya kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Nyumbani alikuwa vivyo hivyo. Akishafunga mlango, alirudi kuutikisa. Mkewe akimwambia chai ina sukari, alionja kwanza ndipo aamini, na mkewe alishaacha kununa.

Basi shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike, alipoingia karakanani asubuhi moja na bahasha kubwa mkononi na tabasamu kubwa zaidi usoni, Pima-Tena alilikagua tabasamu kabla ya bahasha.

"Shemeji, leo nimekuletea bahati," alisema mgeni, akivuta kiti bila kukaribishwa. "Jengo la maduka, ghorofa tano. Wanaalika wakandarasi watatu waombe kazi ya umeme. Nimewatajia jina lako, na barua yako ya mwaliko hii hapa."

"Na wewe je?"

"Na mimi naomba. Sisi ni ndugu, akipata mmoja tumepata wote."

"Mbona barua yangu imepitia mkononi mwako?"

"Ulitaka ipitie mguuni?" Shemeji alicheka peke yake. "Halafu usijichoshe kwenda kupima. Bei nitakupa mimi. Wewe andika, gonga muhuri, basi."

Alipoondoka, binti wa Pima-Tena aliichukua ile barua. Alikuwa na stashahada ya umeme, na mwaka wa tatu sasa alifanya kazi na baba yake. Aliisoma amesimama, akarudia kuisoma ameketi.

"Baba, hii ndiyo kazi. Tutafunga soketi za vinyozi mpaka lini?"

"Anayeitaka kazi hamwiti mshindani. Tena ampangie na bei?"

"Sasa unamshuku hata mtu uliyemfundisha kushika koleo?"

"Ndiyo maana. Huyo namjua."

Binti alikunja uso. Lakini alijua kwamba baba yake hajawahi kuweka sahihi kwenye kitu asichokipima kwa mkono wake, na kwamba jina hilo lisilo na doa ndiyo mali pekee ya karakana yao, ukiacha ngazi mbili na meza yenye mguu mbovu. Wakakubaliana jambo moja: waende wakaone, kisha ndipo waamue kama wataomba.

Siku ya ukaguzi waliwakuta mafundi wakipiga lipu. Msimamizi wa ujenzi, mtu mwenye helmeti safi mno, aliwapitisha haraka kama mwenye nyumba aliyeacha kitu jikoni. Barua ilisema wazi kwamba kazi ya umeme haijaanza hata kidogo. Pima-Tena aliisoma tena akiwa amesimama mle mle ndani, kisha akainua macho.

Kwenye dari ya ghorofa ya chini, ndani ya zege lililokwisha kukauka, kulikuwa na viboksi vya duara vya taa, vimepangwa kwa mistari, kila kimoja kimesokomezewa karatasi ya mfuko wa saruji.

"Na hivi?" aliuliza.

"Hivyo? Mafundi wa zege waliweka tu," alijibu msimamizi.

"Mafundi wa zege wanajua taa zitakaa wapi?"

"Mzee, wewe angalia nafasi, maswali utaandika kwenye barua." Simu yake ikaita, au alijifanya imeita, akatoka nje.

Pima-Tena akaomba ngazi kwa mpiga lipu. Akachomoa karatasi kwenye kiboksi kimoja, na waya mwembamba wa chuma ukaning'inia kutoka ndani ya bomba, ule wanaouacha humo ili baadaye uvute nyaya za umeme. Ncha yake ilikuwa imekunjwa mara mbili na kuzungushiwa tepu nyekundu, mizunguko mitatu.

Aliihesabu mizunguko ile mara mbili. Kisha akamwita bintiye apande.

Binti hakuhitaji kuambiwa. Kunja mara mbili, tepu mizunguko mitatu, ili ncha isikwame kwenye kona: mtindo huo baba yake aliubuni mwenyewe, na alikuwa amewafundisha watu wawili tu. Mmoja alikuwa binti mwenyewe, na hakuwahi kukanyaga pale; wa pili alikuwa shemeji.

"Kazi alishapewa," binti alisema taratibu. "Wanatafuta bahasha za kumsindikiza, ionekane kulikuwa na ushindani."

"Na mojawapo iwe na jina langu." Pima-Tena alichukua koleo, akaikata ile ncha, akaitia mfukoni.

Walirudi karakanani, binti akamimina chai.

"Tusiombe," alisema baba. "Nikiandika bei yake, nimekuwa pambo. Nikiandika yangu nikapata, nitaweka sahihi juu ya mabomba yaliyozikwa ambayo sikuyaona yakiwekwa."

"Tukinyamaza atatafuta pambo jingine kabla ya kesho," binti alijibu. Akavuta karatasi. "Baba, si wewe hupima kwanza ndipo unaamini? Basi tuandike hivyo hivyo. Bei yetu halali, na kazi ya kwanza kabisa kwenye orodha iwe hii: kukagua na kupima mabomba yote yaliyokutwa yamezikwa kwenye zege siku ya ukaguzi."

"Wanafungua bahasha mbele ya wote?"

"Mbele ya wote, na mwenye jengo akiwepo. Wanasoma kwa sauti, naye atauliza nani aliyazika. Imeandikwa kwenye barua."

Baba aliichukua ile barua akahakikisha. Ndipo akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Siku ya mwisho ya kupokea maombi walimkuta shemeji mapokezini, kando ya sanduku la zabuni, amevaa koti. Alisubiri hadi bahasha ya Pima-Tena ikapita kwenye tundu.

"Umeandika bei ile ile niliyokutumia?"

"Nimeandika yangu. Nilikwenda kupima."

"Kupima nini tena? Si nilikwambia usijichoshe?"

Pima-Tena alitoa mfukoni kile kipande cha waya, akamwekea kiganjani. "Umesahau kifaa chako, shemeji. Kimo kwenye orodha yangu, mstari wa kwanza."

Shemeji aliitazama ile tepu nyekundu. Kisha akalitazama sanduku, na koti likaonekana kumbana ghafla.

"Mdogo wangu msalimie," alisema Pima-Tena, na yeye na bintiye wakaelekea mlangoni. Walipofika kizingitini alisimama, akarudi hadi kwenye sanduku, akalivuta kufuli. Halafu akalivuta tena.