Uvimbe wa Shangazi Eliza

Msimu wa kahawa kule Mbozi, uani kwetu kulinuka maganda mabichi yaliyoanza kuchacha, lakini mwaka ule harufu ya Shangazi Eliza iliyashinda. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa na uvimbe kisogoni, laini, mkubwa kama yai, ambao kwa miaka aliuficha kwa kilemba. Ulipozidi kukua alisadiki kuwa anakufa. Hospitali hakutaka hata kuisikia. Aligawa vitenge vyake kwa mawifi, akampa mama kile cha njano alichokipenda kuliko vyote, kisha akanunua Tunduma dawa ya kupaka iliyosifiwa kwa kipaza sauti kuwa inayeyusha kila uvimbe. Ilinuka vitunguu saumu na mafuta ya taa. Kanisani alibaki peke yake kwenye benchi. Siku chache baadaye ngozi ilibabuka, uvimbe ukabaki vilevile, na baba akampakia kwenye pikipiki bila kumsikiliza. Mama na mimi tulifuata na nyingine.

Daktari aliubonyeza, ukateleza chini ya vidole vyake. “Mama, hii siyo kansa. Ni mafuta tu yamejikusanya chini ya ngozi.”

“Mafuta?” Shangazi alikasirika. “Mimi ninayekula maharage ya kuchemsha, hayo mafuta nimeyatoa wapi?”

Daktari alicheka, akaeleza kwamba hayatokani na chakula, na kwamba angeweza kuishi nayo hadi uzeeni. Lakini kwa kuwa yalimsumbua akijitwisha ndoo, yeye daktari angeyatoa kidonda cha ile dawa kikipona. Siku ya kupasuliwa alichomwa sindano ya ganzi, akaimba pambio kwa nguvu hadi wagonjwa wa wodini wakaanza kumwitikia. Alipoonyeshwa kile kinyama cha manjano, kama mafuta ya kuku, machozi yalimtoka. “Ndicho hiki kilichoninyima usingizi?”

Kesho yake alizunguka nyumba kwa nyumba kudai vitenge vyake. Mama alikuwa amekwisha kushona gauni. Shangazi alilichukua hivyo hivyo, ingawa lilimbana.

Siku hizi dawa za namna ile zinatangazwa kwenye simu, na hospitali haiko mbali. Mwaka huu uvimbe umeniota mkononi. Nimeuonyesha mapema, nikaambiwa niuache. Shangazi, mzee sasa, huubonyeza mbele ya wageni na kuguna kwa dharau: “Hiki nacho ni uvimbe?”