Siku mgeni wa haki za makabila madogo alikula jikoni kwetu Thika

Habari zenu wakuu, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni nyanya wa watu hapa Gitothua, Ruiru. Shule niliiacha mapema, kwa hivyo mkiona herufi imeruka, rukeni nayo.

Lakini hii stori niliiona kwa macho yangu. Anayetaka kubisha aje na sababu.

Naona watu hapa wanasema ati hao watu wa haki kutoka ng'ambo huja kunywa chai na kwenda zao. Ngojeni niwaambie.

Miaka ya tisini nilikuwa nakaa Majengo, Thika. Sisi ni Wanubi. Mababu zetu waliletwa na Mwingereza kumpigania vita, wakaachwa hapa, wakazikwa hapa. Mimi nimezaliwa hapo, na Kikuyu nakiongea kuliko wengine wenu.

Binti yangu Zena alikuwa amepata kazi ya kushona kwa kiwanda kimoja Ruiru. Kilibaki kitu kimoja tu, kipande, yaani kitambulisho.

Na kipande kwa watu wetu ilikuwa lazima upite vetting. Unakaa mbele ya chifu na kamati yake, unaulizwa.

"Kwenu ni wapi?"

"Majengo."

"Hapana. Kwenu kwenu."

Zena akawa anaenda, anarudishwa. Supervisor wa kiwanda alikuwa mama mpole, lakini akamwambia hataweza kumshikia nafasi zaidi ya mwisho wa mwaka.

Ndio tukasikia kuna wageni wanakuja. Walikuwa wanazunguka nchi tofauti wakiangalia serikali zinachunga aje haki za makabila madogo, halafu wanaandika ripoti inasomwa ng'ambo mbele ya mataifa.

Hapo ndio tukakosea.

Mnubi akisikia mgeni, akili yote inaenda kwa sufuria. Tulipika pilau. Tukavaa gurbaba, zile nguo zetu za rangi za kujifunga. Tukachoma udi. Nyumba ikawa kama ya arusi, na chifu tukamwalika kwa heshima.

Wageni walifika watatu, wanaume wawili na mama mmoja. Huyo mama alikuwa Mwafrika kama sisi, anaongea Kiswahili kimepigwa pasi.

Mzee Ramadhani, msemaji wetu, akasimama. "Sisi hapa hatuna shida. Tunaishi vizuri, tunashukuru serikali."

Wageni wanaandika. Chifu anaitikia kwa kichwa kama mtoto anayebembelezwa.

Simlaumu Mzee Ramadhani. Mtu ataanza aje kushtaki mwenye rungu akiwa amekaa hapo kando yake?

Mimi nilikuwa mlangoni na beseni la kunawia. Nikaona kazi ya Zena inaondoka hivyo, na sisi wenyewe tumeipikia pilau ya safari.

Sasa kwetu, mgeni mwanamke hali na wanaume. Nikamwendea yule mama.

"Mama, chakula chako kiko jikoni na wenzako."

Chifu akasimama, ati anamsindikiza.

"Chifu, huko ni kwa wanawake. Unakuja kutumenyea vitunguu?"

Wanaume wakacheka, hata Mzee Ramadhani. Chifu akakaa.

Jikoni huyo mama alikunja sketi yake, akaketi kwa mkeka. Kabla hajamaliza tonge la kwanza, Zena akamwambia yote. Kamati, maswali, kurudishwa. Wengine nao wakaanza. Mmoja alishikwa na polisi akienda kujifungua, kwa sababu hana kipande.

Mgeni akashangaa. "Mbona huko nje nimeambiwa hakuna tatizo?"

"Huko nje kuna chifu," nikamwambia. "Hapa kuna sufuria."

Akaacha kula, akatoa kalamu. Akauliza kama kuna mtu anakubali jina lake liandikwe.

Kila mtu alikuwa na kitu cha kupoteza. Kibanda changu cha mandazi kilisimama kwa ruhusa ya huyo huyo chifu.

Nikamwambia aandike langu. Zena akasema na lake pia.

Miezi ikapita. Chifu akawa ananipita sokoni bila salamu, na mimi pia nikampita bila salamu. Mandazi yakaendelea kuiva.

Siku moja Mzee Ramadhani akaja mbio, na huyo si mtu wa mbio. Amesikia kwa redio ripoti imesomwa. Mjumbe wa serikali ameulizwa mbele ya nchi zingine kwa nini mtu aliyezaliwa Thika anatafutiwa kwao kwingine. Akaahidi jambo hilo litaangaliwa.

Haikuchukua muda, mkubwa fulani akatumwa kutoka Nairobi kukaa kwa ile kamati. Zena akaitwa.

"Umezaliwa wapi?"

"Thika."

"Weka kidole hapo."

Basi. Chifu ndiye alimsogezea wino.

Kipande kilipotoka, mwaka haujaisha bado, tulienda Ruiru pamoja. Askari wa geti akakiangalia mbele na nyuma, akafungua. Binti yangu akaingia bila kugeuka nyuma, na mimi nikapiga vigelegele hapo barabarani mpaka watu wa maziwa wakasimama.

Sisemi vetting iliisha. Haikuisha. Lakini hiyo siku tulishinda, na vijana wengi wa Majengo walipita nyuma ya Zena.

Nilichojifunza ni kwamba mtu wa ripoti anaandika kile umemwonyesha. Mlishe, ndiyo, lakini usimfichie shida yako kwa sababu ya adabu.

Nani mwingine hapa aliwahi kuongea na hawa watu? Semeni hapa chini, na muandike maneno mazima, macho yangu yamezeeka.