Mstari wa Wino kwenye Kioo

Bosi wangu alichora mstari wa wino kwenye kioo cha tangi lake, akaniambia, "Dada, maji yasishuke chini ya hapa." Kesho yake akapanda ndege kwenda likizo ya wiki sita. Hakusema maji gani, na mimi sikuuliza.

Nilikuwa kwake mwaka wa tatu, kwenye nyumba iliyo karibu na ufukwe hapa Mtwara. Niliajiriwa kufua na kupika. Tangi la maji ya bahari pale sebuleni lilikuwa lake peke yake, mpaka alipogundua kwamba naona mambo kabla yake. Mimi ndiye niliyemwambia tumbawe la kona limeanza kupauka tangu taa isogezwe. Ni mimi pia niliyemwambia minyoo ya mirija haitaki kupigwa usoni na maji ya pampu. Kila mmoja huishi ndani ya mrija laini kama ngozi, na akitulia hutoa manyoya ya duara yanayofunguka kama ua. Kivuli kikipita tu, ua linazama. Nikajifunza kupita taratibu.

Kabla ya kuondoka aliniahidi jambo. Kituo kimoja cha kufuga samaki kilikuwa kinatafuta mtu wa kuhudumia matangi. "Cheti huna, lakini nikirudi nikakuta viumbe vyote viko hai, nitakuandikia barua."

Niliacha shule kidato cha pili, mama alipofariki mwaka mmoja baada ya baba, nikabaki na wadogo zangu wawili kwenye chumba kimoja mtaa wa Chuno. Sikuwa na karatasi hata moja inayosema kuna kitu nakiweza. Barua ile niliiota.

Basi nikaishika kazi. Joto na feni vilikausha maji, kila asubuhi yameshuka chini ya mstari. Nilishamwona bosi mara nyingi akirudi na madumu kutoka baharini, nami nikabeba dumu. Viumbe vya baharini utavipa maji gani mengine? Dereva mmoja wa bodaboda pale kona akanizoea.

"Dada, bahari unaihamishia kwa bosi kidogo kidogo? Tuachie na sisi ya kuogea!"

"Wewe kuoga ulianza lini?" nilimjibu, wenzake wakamcheka.

Stoo kulikuwa na chupa kubwa za maji ya kunywa, hazijafunguliwa. Sikuzigusa. Hata maji ya bomba yalipokatika niliomba maji kwa jirani, nisije nikaonekana mdokozi.

Wiki ya nne minyoo ikaacha kufunguka. Mmoja akaangusha manyoya yake yote, yakawa yanazunguka kwenye maji kama takataka. Nyama ya matumbawe ikasinyaa, mfupa mweupe ukatokeza. Nikadhani nachota maji machafu, nikaanza kwenda mbali zaidi na dumu langu.

Halafu siku moja, nikifuta ukingo wa kioo, nikaona ukoko mweupe. Nikaugusa, nikalamba kidole. Nikakaa chini palepale sakafuni.

Mama yangu alikuwa mtengeneza chumvi. Majaruba yake, vile vidimbwi vya kukaushia chumvi, yalikuwa upande wa mdomo wa mto Ruvuma, na nilimsaidia tangu nina miaka saba. Unajaza jaruba maji ya bahari. Jua linachukua maji, linaacha chumvi. Unaongeza mengine, jua linachukua tena, mpaka maji yanakuwa makali yanachoma nyufa za miguu. Visamaki vilivyoingia kwa bahati mbaya tulivikuta vimekauka. Hayo niliyajua kabla sijajua kusoma. Bosi akileta ya bahari alikuwa anachota ya zamani na kuyamwaga kwanza; mimi nilikuwa naongeza tu. Na kwa wiki nne nilikuwa nimetengeneza jaruba sebuleni kwa watu.

Nikafungua zile chupa. Kila asubuhi na jioni nilichota kikombe cha maji ya tangi, nikarudisha kikombe cha maji yasiyo na chumvi. Matumbawe hayakunisubiri.

Bosi aliporudi alitumbukiza kipimo chake cha chumvi, akatazama, akaenda stoo.

"Chupa hizi zilikuwa za tangi, dada."

"Nilidhani ni zako za kunywa."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Sikulaumu," alisema kwa upole. "Hukusoma, ungejuaje?"

"Nilikuwa najua, bosi."

"Ulikuwa unajua nini?"

"Chumvi."

Akatabasamu kama mtu anayemwonea mwenzake huruma, akaniambia nitupe kila kitu.

Barua aliniandikia, ni mtu wa kutimiza neno. Inasema mimi ni mwaminifu, msafi na mpishi mzuri. Tangi halikutajwa.

Matumbawe niliyatupa. Ule mrija wa mnyoo aliyeangusha manyoya niliuminya, nikahisi kitu kinajikunja ndani, nikaondoka nao. Uko chumbani kwangu Chuno, kwenye ndoo ya maji ya bahari. Nimechora mstari kwa mkaa, na maji yakishuka naongeza ya mvua. Wiki ya tatu akatoa ua dogo, halifiki ukucha.

Bosi sikumwambia. Angesema nimebahatisha.