Nilipeleka Gari la Wazee Mongbwalu, Mama Furaha Akabaki Akingoja

Naomba jina langu lifichwe, na huyo ninayemwita Furaha nimempa jina lingine. Nina miaka sitini na minane, niko hapa Bunia, dereva mstaafu. Magoti yameisha, natembea na fimbo mbili. Msinionee huruma haraka. Someni kwanza, halafu mkiona inafaa kunitukana, nitukaneni, nimejiandaa.

Miaka ya themanini mwanzoni nilikuwa kijana wa mtaa wa Shari, hapa Bunia, mwenye maneno mengi na mashati ya kupiga pasi. Nilikuwa naendesha pikapu ya mfanyabiashara mmoja. Wakati ule mzee au kilema akitakiwa hospitalini, wanaume wa mtaa walimbeba kwa kipoyi, kile kiti kinachofungwa kwenye miti miwili. Wanne wanabeba, wanne wanawapokea. Hakuna aliyelipwa. Ukiitwa, unaacha jembe unakwenda. Mimi kazi hiyo ilinikera, bega liliuma na shati lilichafuka, basi siku moja kwenye mkutano wa shirika letu la kanisa nikasimama nikajifanya mwenye akili: "Siye hatuko tena wakati ya Wabeleji. Kubeba mutu mu kipoyi ni haya. Tutoe kotizasio ya esanse, mutuka itabeba wazee wote."

Watu walicheka, wakakubali kuchanga mafuta ili gari libebe wazee. Tajiri wangu naye akakubali kutoa pikapu kila Jumatano, mradi mtaa ununue mafuta. Kila nyumba ikaleta ilichokuwa nacho, maharagwe, mayai, mahindi, vikauzwa sokoni, na pipa la esanse, yaani petroli, likawekwa kwangu. Miti ya kipoyi mtu mmoja aliichukua akajengea zizi la mbuzi. Mambo yalikwenda vizuri kweli. Wazee waliimba nyuma ya gari, viwete walikuwa wakinipungia mikono, na mimi kichwa kikawa kikubwa.

Jirani yetu Mama Furaha alikuwa mjane. Nyonga zilimkatalia kutembea tangu alipojifungua, na sasa macho nayo yalianza kuzima. Hospitalini walimwambia ana presha ya macho, kwamba daktari wa kupasua macho atakuja na ndege ndogo, atafanya kazi Jumatano moja tu na kuondoka kesho yake. Mama yule alinishika mkono akaniambia, "Mutoto yangu, siku ile usinisahau." Nikamjibu, "Mama, weye njo nitaanza kuchukua." Nilimwahidi hivyo, kwamba yeye ndiye wa kwanza, nikimtazama usoni.

Siku zile ruhusa ya kuchimba dhahabu ilikuwa imetolewa kwa kila mtu, na kila mwenye sabuni na chumvi za kuuza alitaka kufika Mongbwalu, kwenye machimbo. Jumatatu ya wiki ile wachuuzi watatu walinifuata na bidhaa zao. Tajiri wangu alikuwa Kisangani. Esanse ya wazee ilikuwa pale nyumbani. Nikajiambia naenda leo, narudi kesho, nani atajua? Mvua ikanyesha, gari likazama kwenye matope mpaka milangoni. Nilifika Bunia Ijumaa.

Jumatano Mama Furaha alioga, hakula, kama alivyoagizwa, akakalishwa kwenye mkeka kando ya njia tangu alfajiri. Furaha alikuwa na miaka kumi na mmoja. Ilipofika saa nne akaanza kukimbia nyumba kwa nyumba kuomba watu wambebe mama yake. Kila baba alimjibu yale yale: "Ngojeni mutuka. Tulikwisha kutoa kotizasio, itakuja." Wanaume hao hao zamani wangeinuka bila kuulizwa. Mimi ndiye niliyewakalisha. Walingoja mpaka jua likazama, na mama akarudishwa ndani na mkeka wake.

Niliporudi nilisema tajiri aliniachia amri ya kwenda kabla hajasafiri. Watu waliamini. Mama Furaha mwenyewe aliniletea kuku kwa mkono wa binti yake, pamoja na salamu: "Pole, nasikia uliteseka sana mu njia." Nilimla kuku yule. Mpaka leo sijui niliwezaje.

Daktari alipokuja tena, miezi ilikuwa imepita. Alimulika macho yale akasema mama amechelewa, hayaponi tena. Mama aliishi gizani miaka kumi na tisa. Furaha, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule, aliiacha ili ampikie, amwogeshe, amgeuze kitandani. Nilipita mlangoni kwao kila siku, nikimsalimu mama, na aliitambua sauti yangu kabla sijamaliza kusema.

Sasa Furaha ni mama mzima, anauza unga sokoni, na ameanzisha mchango wa kununua pikipiki ya magurudumu matatu ya kuwapeleka wazee na vilema hospitalini na kanisani. Wiki iliyopita alikuja kwangu. "Yaya," akasema, maana kwake mimi ni kaka mkubwa, "weye njo ulianzisha mutuka ya wazee. Mimi sijue kuandika. Andika ile historia yote, nitaipeleka kwa paroko aisome mu misa, watu wapate moyo ya kutoa. Lakini utanisomea miye kwanza, nisikie."

Karatasi iko mezani. Nimeandika na kuchana mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nikiandika ukweli, naogopa watu watasema michango ya namna hii huliwa na madereva, watafunga mikono, na wazee watabaki majumbani mara ya pili kwa ajili yangu. Nikiandika uongo, Furaha ataniamini, kwa sababu hajui kusoma. Na hajui kusoma kwa sababu yangu.

Anakuja Jumamosi. Ndugu zangu mnaosoma hapa, niambieni, nimsomee nini?