Doa Lisilokauka

Mtaani walimwita Haifi. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika, hata mkewe alilisikia mara ya mwisho siku walipomwandikisha binti yao shule. Hilo la Haifi alijitafutia mwenyewe. Mtu akilitaja tu gari lake, lile basi dogo jeupe lililopeleka watoto shule asubuhi na kuwarudisha mchana, yeye alidakia: "Gari za kampuni hii hazifi, bwana! Hiki ni chuma. Haifi, nakwambia, haifi!" Akasema, akasema, mpaka neno likamganda mwenyewe.

Aliyethubutu kumjibu alikuwa Fundi peke yake, mwenye gereji nyuma ya kituo cha mafuta.

"Ni kweli, gari haifi," alimwambia siku moja huku akipangusa mikono kwa tambara. "Anayekufa ni aliyekaa ndani."

Wakaangua kicheko wote wawili. Walikuwa wamekua pamoja, na kwao kutupiana maneno ndiyo salamu.

Lakini tusimwonee. Haifi hakuwa mzembe. Marehemu baba yake alikuwa dereva wa malori, naye alimwachia desturi moja ambayo hakuikosa hata siku moja: kulitandikia gari kitanda. Alikuwa na makatoni yaliyofunguliwa na kuungwa kwa gundi ya karatasi mpaka yakawa jamvi zima. Yalilala palepale uani, kuanzia karibu na ukuta hadi karibu na geti, yamekandamizwa na mawe. Jioni gari liliingia juu yake. Asubuhi likishatolewa, Haifi alichuchumaa akalisoma jamvi lake. Doa jeusi, oili. Doa la kijani, rejeta. Na pale karibu na ukuta palikuwa na unyevu usio na rangi, kila siku, mahali palepale. Hapo hata hakupatazama. "Hayo maji ya kiyoyozi," alisema, akanyanyuka, akajipangusa magoti.

Mkewe alimwona hivyo kila asubuhi kupitia dirisha la jiko, kitoto chao kichanga kikinyonya. Hakuna aliyemfundisha, lakini madoa yale aliyazoea kama mtu anavyozoea nyimbo za redio ya jirani.

Siku chache kabla ya mambo haya, alimpelekea mumewe chakula gereji. Gari lilikuwa limeinuliwa kwa jeki, na Fundi alikuwa ameingiza kichwa kwenye gurudumu la nyuma.

"Mipira ya breki za huku nyuma imechoka," Fundi alisema. "Wakati wake umefika. Ikiachia, mafuta ya breki yanavuja yote. Tubadilishe."

"Inashika, haishiki?" aliuliza Haifi.

"Kushika inashika."

"Basi! Si inashika? Breki za kampuni hii mimi nazijua, ndugu yangu. Ngoja shule zifunge, gari itakaa hapa kwako mpaka uichoke."

Fundi akamgeukia mke. "Shemeji, ongea na mumeo. Mimi hanisikii."

Yeye akatabasamu, akafunua sufuria, akapakua. Aliona hayo ni maneno ya vyuma, na vyuma vina wenyewe.

Jioni ya kuamkia mambo hayo, mafundi wa ujenzi wa nyumba ya jirani walikuwa wamemwaga lundo la mchanga mbele ya geti. Haifi alipofika alishusha pumzi kwa hasira, akaona kesho atapata taabu ya kutoka kinyumenyume huku akiukwepa mchanga. Akalirudisha gari nyuma taratibu, akaliingiza kwa tako. Pua ikaelekea getini, mkia ukaelekea ukutani. Tangu wahamie nyumba ile hakuwa amewahi kuliegesha hivyo.

Asubuhi alilitoa, akarudi, akachuchumaa. Unyevu ulikuwepo karibu na ukuta, palepale pa siku zote.

"Maji ya kiyoyozi," alisema.

Binti yao, aliyeitwa Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, alikuwa ameshapanda na kukaa dirishani. "Mama, kwaheri! Mwambie mdogo nitamletea picha!" Geti likafungwa. Kama kawaida Haifi alikuwa amezima simu na kuitia kwenye mkoba, akaubana chini ya kiti. Akiwa na watoto wa watu hakugusa simu, na wazazi walimsifu kwa hilo.

Mama akabaki na beseni la nguo. Jua lilishapanda juu ya ukuta na kuumulika ua wote. Alianika nepi moja, akaanika nyingine, akainama kuchukua ya tatu, jicho likamdondokea kwenye katoni.

Kulikuwa na madoa mawili.

Moja lilikuwa upande wa geti, mahali ambapo hapakuwahi kulowa, nalo lilikuwa linakauka, kingo zake zimeshageuka kuwa alama tu. La pili, lile la ukutani, jua lilikuwa likilipiga vilevile, na bado liling'aa.

Alilitazama, nepi ikimchuruzika mkononi. Maji hayafanyi hivyo. Akaenda, akachuchumaa pale alipochuchumaa mumewe, akatia kidole. Kikateleza. Akakinusa. Haikuwa oili, oili angeijua. Akainua macho, na juu ya geti akaona ncha ya lundo la mchanga. Hapo ndipo gari zima lilipogeuka kichwani mwake: jana liliingia kinyumenyume. Maji ya kiyoyozi yalidondokea kule getini. Hapa ukutani palikuwa na gurudumu la nyuma.

*Mipira ya breki za huku nyuma imechoka.*

Nepi ilimponyoka. Alipiga simu akijua fika haitaita, na haikuita. Akapiga ya Fundi.

"Fundi, gari inavuja breki! Nyuma! Ameshaondoka!"

"Shemeji, tulia. Ameelekea wapi?"

"Si kuokota watoto! Halafu anashuka mteremko!"

Fundi akasema kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake, "Asishuke. Fanya unavyojua, asishuke. Nakuja."

Alimfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko, fundo akalipiga bila hata kutazama. Njia ya mumewe aliijua. Haifi alizunguka mtaa wa juu nyumba kwa nyumba, na watoto wake wa mwisho walikuwa pacha wa nesi, pale kwenye tangi la maji. Kutoka kwenye tangi barabara ilinyooka kidogo, halafu ikainama, ikashuka moja kwa moja mpaka barabara kuu, ambako malori yalipita hayaulizi. Lakini nyuma ya nyumba palikuwa na kichochoro cha miguu kilichopanda hadi kwenye tangi. Akashika hicho.

Alipanda kwa haraka, ndala zikimpiga visigino. Katikati ya kichochoro ndala moja ilikatika, akaziacha zote mbili. Mtoto alianza kulia, kwikwi zikaruka kwa kila hatua. "Nyamaza baba, nyamaza mume wangu mdogo, tunamwahi dada," alimwambia, pumzi zikimkata katikati ya maneno. Kichwani alimwona Chiriku amebandika pua kwenye kioo. Aliwahesabu na wale wengine pia, wale ambao mama zao walikuwa wanamsalimia sokoni.

Alitokea kwenye tangi. Nesi alikuwa amesimama getini kwake, pacha wake wamebeba mabegi.

"Gari limeshapita?"

"Bado, mama. Kulikoni? Mbona miguu mitupu? Mtoto anaumwa?"

Kabla hajajibu, honi ililia kwenye kona, ile milio mifupi ya Haifi ya kuwaita watoto, na basi jeupe likajitokeza. Akaruka hadi katikati ya barabara, akainua mikono yote miwili.

"Simama! Simama!"

Alimwona mumewe akishtuka nyuma ya usukani. Alimwona akiegemea mbele, mguu ukikanyaga. Gari likapunguza kidogo, kisha likaendelea kuja kana kwamba hakuna aliyeliambia kitu. Uso wa Haifi ukabadilika. Mabega yakaanza kupanda na kushuka, anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia.

"Toka!" alipiga kelele kupitia dirisha. "Toka njiani!"

Alijitupa pembeni. Gari likampita karibu kiasi cha kusikia joto lake, na dirishani akamwona Chiriku akimpungia mkono, anacheka, anafikiri mama amekuja kucheza. Mbele yao barabara ilibakiza kipande kifupi tu kabla ya kuinama. Injini ikanguruma, gia inashushwa kwa nguvu. Kisha mlio wa hendibreki, kama bati linakwaruzwa. Haifi akakata usukani, tairi la mbele likapanda ukingo wa saruji wa tangi, gari likakwaruza ukuta ubavu mzima, likatetemeka, likasimama.

Mle ndani kitoto kimoja kikasema, "Anko Haifi, tena!"

Mama alikimbilia mlangoni. Nesi ndiye aliyeufungua. Walishushwa mmoja mmoja, wakapapaswa vichwa, mikono, magoti. Hapakuwa na damu. Chiriku alitaka kujua kwa nini mama hana viatu.

Haifi alibaki kwenye kiti chake, mikono bado imeshika usukani. "Mtoto ana nini?" aliuliza. "Mbona umekuja kusimama barabarani?"

Mkewe alimwinulia kile kidole. Kilikuwa bado kinang'aa.

Fundi alifika kwa pikipiki ya mtu, akalala chini ya gari bila kusalimia. Alipotoka, mkono wake ulikuwa umelowa hadi kwenye kifundo. Kila mtu alitegemea atasema lile neno lake la anayekufa ni aliyekaa ndani. Hakulisema. Alikaa tu kwenye ukingo wa tangi kando ya rafiki yake.

"Nilihisi," Haifi alisema hatimaye, polepole, bila kumtazama yeyote. "Nyumba ya pili pedali ilizama kidogo. Nikapampu, ikarudi. Nikajiambia, hii kampuni haiwezi. Nikaendelea kuokota watoto."

Nesi aliwashika pacha wake mikono. "Mimi wangu nitawapeleka kwa miguu, baba," alisema. Hakusema kwa ukali, na Haifi alikubali kwa kichwa tu.

Gari lilikaa gereji mpaka Fundi aliporidhika. Mipira ilibadilishwa, na kila kitu kingine kilichokuwa kimefikia wakati wake, kishike kisishike. Baadhi ya wazazi walirudi, baadhi hawakurudi. Watu walipomwita Haifi aliitika, ila lile neno lenyewe halikumtoka tena mdomoni.

Asubuhi ya kwanza baada ya gari kulala tena nyumbani, mkewe alikuwa dirishani mwa jiko. Alimwona akilitoa, akirudi, akisimama mbele ya katoni kwa muda mrefu bila kuchuchumaa. Kisha akageuka.

"Mama Chiriku," aliita. "Hebu njoo."

Alitoka na mtoto begani, mikono ina unga.

"Jana niliiegesha inaangalia wapi?"

"Ukutani," alijibu.

"Una hakika?"

"Nilikuwa natazama."

Haifi akapiga magoti, akatia kidole kwenye unyevu wa karibu na ukuta, akakinusa. Kisha akauinua mkono, akamsogezea na yeye anuse.