Kidole Gumba cha Fundi wa Saksafoni

Fundi wa saksafoni pale Kitale hakuanza kwa kusoma maandishi yaliyochongwa kwenye ala. Alifuta mikono kwenye aproni, akafumba macho, kisha akapitisha kidole gumba kwenye kingo za matundu, tundu moja baada ya jingine, akinong'ona kama anayemsalimu mgeni. Mwaka 1988 nilimwona akipokea saksafoni ya Mama Nekoye, mjane kutoka Sirisia. Shemeji yake mama huyo alisimama mlangoni, tayari kuipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

“Marehemu aliniambia ni ya Wajelumani,” mama alisema. “Huyu anasema ati ni bomba la jiko.”

“Si ni bomba tu, bana,” shemeji alijibu.

Kidole kilizunguka, kikasimama, kikarudi. Fundi alitabasamu kabla ya kufumbua macho. “Mama, ukingo huu umekunjwa nje kama pindo la sketi. Mafundi wengi wa Ujerumani walikunja hivi zamani. Mzee hakukudanganya.”

Mama alikaa wima. “Sema tena, fundi,” akaomba, “lakini uangalie mlangoni.”